Mafuta ya Usukani Yakichanganyika

Magari mengi yaliyotumika yaletwayo nchini kutoka Japani husaidiwa usukani na pampu ya mafuta. Mengine, hasa mapya zaidi, hutumia mota ya umeme. Wenye yale ya mafuta wajihadhari na vikopo viwili vilivyo chini ya boneti: cha usukani na cha breki. Mwenye haraka huvichanganya kwa urahisi.

Mafuta ya breki yakiingia katika usukani huzivimbisha na kuzilainisha sili za mpira, na hatimaye mafuta huanza kuvuja. Swali la kwanza ni moja: je, injini imewashwa? Ikiwa bado, isiguswe. Nyonya mafuta yote ya kikopo kwa bomba la sindano, ukipangusie, kisha ujaze yanayotajwa katika kitabu cha gari.

Ikiwa imewashwa, uchafu umekwisha kuzunguka. Hiyo ni kazi ya fundi, na tena isicheleweshwe. Huinua magurudumu ya mbele, hukitegemeza chombo imara (jeki peke yake si tegemeo), huelekeza mpira wa kurudishia mafuta katika chupa, kisha huzungusha usukani kulia na kushoto injini ikiwa imezimwa, huku akiongeza mafuta mapya mpaka yatoke safi.

Kosa la kinyume, mafuta ya usukani katika breki, ni baya zaidi. Gari hilo lisiendeshwe hata hadi gereji, livutwe.