Utoto Hautokani na Umri Peke Yake

Kunapokucha katika kata ya Nassa, wilayani Busega, mkoani Simiyu, Tanzania, watoto wa umri mmoja hushika njia tofauti. Mvulana wa miaka tisa anafungua zizi na kuwatoa mbuzi na ndama. Msichana wa rika lake amekwisha kuteka maji, na sasa amembeba mdogo wake mgongoni huku akigeuza dagaa walioanikwa kando ya Ghuba ya Speke. Mwingine amevaa sare, anakimbia asikose paredi ya asubuhi. Huko mjini Bariadi, mtoto wa mtumishi wa umma anapanda bajaji kwenda shule ya mchepuo wa Kiingereza. Daktari akiwapima wote wanne, meno na mifupa yao itamwambia kitu kimoja. Mwanasosholojia ataona namna nne za kuwa mtoto, na mara nyingi atagundua kuwa msichana wa dagaa na yule wa sare ni mtu mmoja aliyeonekana saa mbili tofauti.

Hapo ndipo sosholojia ya utoto inapoanzia. Umri ni habari ya mwili, lakini utoto hutengenezwa na uchumi wa kaya, mila, shule, sheria za nchi na hata sura ya ardhi. Watoto wenyewe nao wana mkono wao katika kuutengeneza.

Kwa muda mrefu wanasosholojia walimtazama mtoto kama mtu mzima ambaye hajakamilika. Alitajwa kwenye sura ya familia au ya elimu, basi. Mwaka 1960 mwanahistoria Mfaransa Philippe Ariès alitikisa mazoea hayo alipodai kwamba Ulaya ya Zama za Kati haikuutenga utoto kama kipindi maalumu cha maisha. Wengi walimpinga baadaye, wakaonyesha kuwa wazazi wa zama hizo walijua vizuri tofauti ya mtoto na mtu mzima, lakini swali lake lilibaki. Mwaka 1985 Viviana Zelizer alieleza jinsi Marekani, kati ya miaka ya 1870 na 1930, ilivyomwondoa mtoto kiwandani na shambani, ikamfanya kuwa mtu wa kupendwa na kutunzwa bila kuleta senti nyumbani. Mwaka 1990 Allison James na Alan Prout wakaweka misingi ya taaluma mpya: utoto ni zao la jamii, na watoto ni watendaji wanaostahili kuchunguzwa kwa haki yao wenyewe.

Afrika Mashariki ilikuwa na ushahidi wake kabla ya hapo. Mwaka 1940 Otto Raum alichapisha kitabu kizima kuhusu utoto wa Wachaga wa Kilimanjaro, na ndani yake michezo ya watoto ilipewa uzito mkubwa. Katika miaka ya 1950 Robert na Barbara LeVine waliishi na Wagusii wa Nyansongo, nchini Kenya, katika utafiti uliolinganisha jamii sita za dunia. Watoto wa Nyansongo walikuwa na kazi nyingi kuliko wenzao wengi, hasa kulea wadogo zao, na katika vipimo vya kujali wengine na kubeba wajibu walikuwa mbele. Wale wa mji mdogo wa Marekani, ambao hawakuwa na kazi za maana nyumbani, walijitokeza zaidi katika kuomba msaada na kutafuta kuangaliwa.

Utafiti mwingine ulifanyika Oyugis, kwa Wajaluo, nchini Kenya pia. Carol Ember aliwachunguza wavulana waliopewa kazi za wasichana kwa sababu tu nyumbani hapakuwa na dada wa kuzifanya. Katika matokeo aliyochapisha mwaka 1973, wavulana waliofanya kazi za ndani walikuwa na ukali mdogo kuliko wavulana wenzao, na mwenendo wao ulisogea karibu na ule wa wasichana. Tabia tunayoiita ya kiume au ya kike, kwa kiasi fulani, ilikuwa imetoka kwenye ndoo na chungu cha jikoni.

Mfano ulio wazi kuliko yote hauko mbali sana na Nassa. Wahadzabe huishi kuzunguka Ziwa Eyasi, na baadhi yao wako Meatu, ndani ya mkoa huohuo wa Simiyu. Kuanzia miaka ya 1980 Nicholas Blurton Jones, Kristen Hawkes na James O'Connell walipima chakula ambacho watoto wa Kihadzabe hujitafutia. Wangali wadogo, watoto hao huchuma matunda ya porini, huchimba mizizi, huokota mabuyu na kuyaponda kwa jiwe mpaka yawe unga. Hawamsubiri mama arudi ndipo wale.

Watafiti wakawalinganisha na watoto wa jamii ya !Kung kule Kalahari, ambao nao walikuwa watu wa kuwinda na kukusanya. Watoto wa !Kung walibaki kambini na hawakutafuta chakula kwa kiasi kama hicho. Je, wazazi wao waliwadekeza? Jibu lilitoka ardhini. Uhadzabeni chakula kinapatikana karibu na kambi, na vilima na miamba humwonyesha mtoto njia ya kurudi. Kalahari, wakati wa kiangazi, chakula kilikuwa mbali na maji, na nchi ni tambarare ambamo mtoto hupotea upesi. Kumtoa kambini ilikuwa hatari yenye faida ndogo. Kwa hiyo anayesema mtoto wa kabila fulani ni mchapakazi na wa kabila lingine ni mvivu hajauliza maji yako umbali gani.

Nassa nayo imeshuhudia utoto ukibadilika. Wamisionari wa Kianglikana walifika hapo mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1909 kituo chao kikachukuliwa na Africa Inland Mission. Shule ilikuja na kengele, madarasa na siku iliyokatwa vipande. Kabla yake, mvulana wa Kisukuma alijifunza malishoni kwa kufuata mifugo, na jioni kwenye shikome, moto wa uani ambapo wazee walizungumza na vijana wakasikiliza. Vijana walikuwa na uongozi wao pia: walilima kwa vikundi chini ya nsumba ntale, mkuu waliyemtambua wenyewe. Baadaye Azimio la Musoma la mwaka 1974 likasukuma elimu ya msingi kwa wote, na kuanzia Januari 2016 ada ikaondolewa hadi kidato cha nne. Leo mtoto asiye shuleni anaonekana ana tatizo. Babu yake, akiwa na umri huo na ng'ombe mbele yake, alionekana anakua vizuri.

Ng'ombe na pamba, hata hivyo, havikuondoka shule ilipokuja. Kazi ilisogezwa tu hadi alfajiri, jioni, Jumamosi na likizo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, ilimradi haimdhuru mtoto wala kuvuruga masomo yake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unakwenda hatua ambayo mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 hauendi: katika ibara ya 31 unamtaja mtoto kuwa na wajibu kwa familia na jamii yake. Wakati huohuo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto takriban milioni 4.2 wa miaka 5 hadi 17 walikuwa katika utumikishwaji, wengi wao kwenye kilimo. Wajibu na unyonyaji vinaweza kukaa katika shamba moja la pamba. Kinachovitenganisha ni saa, uzito wa mzigo, sumu ya kupulizia wadudu, na nani anayepokea fedha.

Kwa msichana, mpaka wa utoto huwekwa pia na ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, huku kaka yake akitakiwa kufikisha 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaafiki. Novemba 2021 serikali iliwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani. Mwili wa binti ni uleule, lakini uamuzi wa mahakama na waraka wa wizara vinabadilisha anachoweza kuwa.

Mtafiti atayajuaje haya? Kuwahoji wazazi hakutoshi. William Corsaro alikaa sakafuni katika shule za awali za Marekani na Italia, akasubiri watoto wamkaribishe wenyewe, na akahitimisha kuwa watoto hawaigi utamaduni wa wakubwa tu, bali huugeuza ufae mahitaji yao. Wachungaji wadogo wanaofinyanga ng'ombe wa udongo wenye nundu, kisha kugawana makundi na kupangiana mahari, wanafanya hivyohivyo. Anayewatazama kwa makini atasikia wanavyoelewa mali, ndoa na cheo.

Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto kinampa mtoto haki ya kutoa maoni. Haki hiyo ianze kutumika vijijini, kwenye vikao vya shule na katika ofisi za ustawi wa jamii, kabla ya mipango kuandikwa na si baada ya hapo. Na mwalimu wa wilaya ya Busega au Itilima anayeandika "mtoro" mbele ya jina la mtoto mwezi Mei, pamba inapoanza kuvunwa, amuulize kwanza alikuwa wapi, alifanya kazi saa ngapi, na ni nani aliyemtuma.