Picha Ni Jiwe la Ukumbusho



Korale moja ya kanisa ilifanya safari mpaka ziwa la Nzilo, karibu na Kolwezi. Waliimba, wakakula samaki, wakapiga picha nyingi sana kwa telefone. Miezi michache nyuma, mzee mmoja aliyewasindikiza akafariki. Wakati wa kilio jamaa yake ilitafuta picha ya kutia mbele ya sanduku. Tulifungua telefone moja, na nyingine, na nyingine tena. Mzee alikuwa mule mara nyingi, lakini uso wake ulikuwa mweusi kama kivuli. Kila mara jua lilikuwa nyuma yake, ao kofia ilifunika macho. Ziwa lilionekana vizuri. Mzee, hapana. Mtoto wake aliniambia: “Pastere, tulipiga picha ya maji tu, ya baba hatuna.” Mwishowe wakakuza ile picha ndogo ya kadi yake ya uchaguzi.

Siku ile nilikumbuka Yoshua sura ya 4. Israeli walipovuka Yordani, waliamriwa kutwaa mawe kumi na mawili toka mtoni, kusudi watoto wakiuliza maana yake, wazazi wawe na la kujibu. Picha ya safari ni jiwe la namna ile. Siku moja mtoto ataiangalia na kuuliza: Huyu ni nani? Hapa ni wapi? Picha nzuri ni ile inayoweza kumjibu.

Hapa kwetu Lualaba neno hili ni zito, kwa sababu nchi inabadilika upesi. Kilima ulichokiona utotoni, leo ni shimo. Ndani ya Kolwezi yenyewe nyumba za watu zimebomolewa kusudi machimbo yapanuke. Hata maua yanakwenda. Liko jani moja lenye maua ya buluu linaloota juu ya udongo wa shaba. Wenye elimu wanaliita Haumaniastrum katangense. Watafuta madini walilitumia kama alama ya kuonyesha shaba iko wapi. Kilima kikichimbwa, maua yake yanaondoka pamoja nacho. Basi wandugu, tupige picha kwa akili. Haya ni mashauri machache. Hayaombi telefone ya bei kali.

1. Chagua saa. Jua likiwa juu ya kichwa, macho ya watu yanageuka mashimo meusi na rangi za nchi zinafifia. Piga asubuhi mapema, ao jioni jua likishuka. Tena jua majira: mwisho wa kipwa, moshi wa majani yanayochomwa pamoja na vumbi vinafunika vilima. Mvua za kwanza zikinyesha, hewa inasafika na vilima vya mbali vinaonekana.

2. Angalia uso kwanza. Usimweke mtu na jua nyuma yake. Kama ni muchana kati, mpeleke kwenye kivuli cha mti, ageukie upande wenye mwangaza. Umwombe apandishe kofia. Kisha gusa uso wake kwenye kioo cha telefone. Telefone nyingi zitapima mwangaza pale, si kwenye mawingu. Ngozi yetu nyeusi ni nzuri, lakini inaomba mpigaji aiangalie.

3. Safisha lensi. Vumbi ya barabara zetu ina mchanga ndani. Ukipanguza kwa nguvu, unakwaruza. Puliza kwanza, halafu panguza polepole kwa kitambaa laini.

4. Karibia kwa miguu. Ukivuta picha kwa vidole inaharibika, afazali utembee. Ziwa peke yake halionyeshi ukubwa wake. Ngoja mtumbwi upite, ao weka mwenzako kandokando ya maji. Mstari wa maji ukae sawasawa. Egemea mti ao bana viwiko kwenye mbavu, picha isitetemeke.

5. Piga magoti kwa ua. Shuka mpaka usawa wake, ngoja upepo utulie. Lakini usilingoe. Mwandishi wa Zaburi ya 104 alitaja majani, ndege na simba, kila kimoja kwa nafasi yake. Na wewe angalia kimoja kwa kimoja.

6. Omba ruhusa. Kijijini anza kwa shefu. Askari, daraja, kiwanja cha ndege, barrage na machimbo, usipige bila ruhusa ya wakubwa. Vijana wamepata shida kwa jambo hili. Na mchimbaji mwenye matope ni baba wa mtu. Mwulize kwanza. Akikataa, shusha telefone, umsalimie.

7. Andika majina. Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978, alitwaa picha za zamani za wafanyakazi wa machimbo ya Katanga, akaziunganisha na picha mpya za viwanda vilivyokufa. Kazi hiyo, “Mémoire” ya mwaka wa 2006, imejulikana mbali. Watu wale wa zamani wanatuangalia, lakini wengi hawana jina mbele yetu. Tusifanye vile na wazee wetu. Telefone inaanguka, inaibiwa, inakufa. Chagua picha tano za kila safari, uzitoe kwenye karatasi, na nyuma uandike kwa kalamu ya risasi, bila kukandamiza: jina, mahali, siku.

Vijana, safari inayokuja, kabla ya kupiga maji, mwite mzee aliye pamoja nanyi. Mkalishe kivulini, umchekeshe kidogo, umpige picha moja ya karibu. Halafu nendeni ziwani.

Ya kuzungumza ndani ya jamaa: Tuna picha gani ya babu na bibi? Nani kati yetu anajua majina ya watu wote walio ndani? Ni kilima gani ao mto gani wa kwetu tungetaka wajukuu wauone?