Kwa Nini Kiwanda Kiko Hapa? Kufundisha Viwanda, Malighafi na Nishati kwa Mifano ya Bonde la Kilombero

Mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye shule yake iko kando ya barabara ya Kidatu kwenda Ifakara huona malori ya miwa yakipita kila msimu wa mavuno. Huona nguzo za chuma za umeme zikivuka mashamba ya mpunga, na jioni husaidia kuwasha moto wa kuni au mkaa nyumbani. Akiulizwa katika mtihani wa Jiografia ataje mambo yanayoamua mahali pa kujenga kiwanda, huandika orodha aliyoikariri: malighafi, nishati, nguvukazi, soko, usafiri, mtaji na sera ya serikali. Orodha hiyo ni sahihi. Lakini akiulizwa kwa nini kiwanda cha sukari kiko Kidatu na hakiko Dar es Salaam, ambako walaji wa sukari ni wengi zaidi, huenda asijue aanzie wapi.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya walimu, wazazi na wajumbe wa bodi na kamati za shule. Yanaeleza namna mada ya viwanda, malighafi na vyanzo vya nishati inavyoweza kufundishwa kwa mambo ambayo mwanafunzi wa bonde letu hukutana nayo kila siku. Bonde hili lina karibu kila mfano unaohitajika. Linalotakiwa ni kuuliza swali moja kila mahali: kwa nini hapa?

Muwa haungoji

Kampuni ya Sukari Kilombero ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mashamba na viwanda vyake viko pande mbili za Mto Ruaha Mkuu, upande wa Kilombero na upande wa Kilosa. Sababu ya kwanza ya kuwapo hapo ni ardhi tambarare yenye rutuba, pamoja na maji yanayoshuka kutoka milimani. Sababu ya pili imo ndani ya muwa wenyewe.

Muwa ukishakatwa, sukari iliyomo huanza kupungua. Unapaswa kusagwa ndani ya siku moja au mbili; ukicheleweshwa, mkulima na kiwanda wote hupata hasara. Aidha, sehemu kubwa ya uzito wa muwa ni maji. Tani 10 za miwa hutoa takribani tani moja tu ya sukari. Kama kiwanda kingekuwa Dar es Salaam, malori kumi yangesafiri mamia ya kilomita ili kupata mzigo wa lori moja, na mzigo huo ungefika ukiwa umeharibika. Mwaka 1909 mwanauchumi wa Kijerumani Alfred Weber alieleza kanuni hii katika kitabu chake kuhusu mahali pa viwanda: malighafi inayopoteza uzito mwingi hukivuta kiwanda kuja ilipo. Mkulima wa Msolwa anayelisubiri lori lichukue miwa yake iliyokwisha kukatwa anaijua kanuni hiyo bila kitabu.

Kiwanda cha sukari kinafundisha pia kwamba malighafi na nishati vinaweza kutoka katika mmea mmoja. Baada ya miwa kukamuliwa hubaki makapi, takribani tani tatu kwa kila tani 10 za miwa. Makapi hayo huchomwa katika matanuri ya kuchemshia maji. Mvuke wake huendesha mitambo, hufua umeme na kupika maji ya miwa. Molasesi inayobaki mwishoni hutumika kutengeneza spiriti na chakula cha mifugo. Mwanafunzi akichora mchoro wa safari ya muwa kuanzia shambani hadi kwenye mfuko wa sukari, akionyesha kila kinachotoka njiani, atakuwa ameelewa maana ya mazao yatokanayo na uzalishaji kuliko angekariri fasili yake.

Mpunga na mkate: mifano iliyo karibu na darasa

Si kila shule inaweza kugharimia safari ya Kidatu. Hata hivyo, ni vigumu kupata kata katika bonde hili isiyo na mashine ya kukoboa mpunga. Hapo mwalimu anaweza kuendesha somo kwa kutumia mizani na daftari. Wanafunzi wapime kilo 100 za mpunga kabla ya kukobolewa, kisha wapime mchele, pumba na maganda kila kimoja peke yake. Watakuta mchele ni kilo 60 hadi 70 hivi, kutegemea mbegu, ukavu wa mpunga na ubora wa mashine. Maganda peke yake hukaribia kilo 20.

Hapo ndipo swali gumu zaidi linapozaliwa. Mpunga nao hupoteza uzito, kama muwa. Mbona basi mashine za kukoboa zinaweza kuwa kijijini, Ifakara mjini au hata katika miji ya mbali? Jibu ni kwamba mpunga uliokaushwa vizuri hukaa ghalani kwa miezi. Haumlazimishi mtu kuharakisha. Kwa hiyo mwenye mpunga ana nafasi ya kuchagua: akoboe nyumbani na kusafirisha mchele, au asubiri bei na kuuza mpunga. Mwanafunzi anajifunza kwamba kupungua kwa uzito peke yake hakutoshi kueleza mahali pa kiwanda. Kuharibika upesi nako kuna nguvu yake.

Mfano wa tatu ni tanuri la mkate. Unga wa ngano hutoka mbali, lakini mkate huokwa karibu na walaji, kwa sababu mkate huchukua nafasi kubwa garini na haufai kukaa siku nyingi. Hapa soko ndilo linalovuta. Kwa miwa, mpunga na mkate, mwalimu amekwisha kufundisha kanuni tatu bila kutoka nje ya wilaya.

Usafiri nao una mfano wake Kidatu. Hapo reli ya zamani inayotoka Kilosa, yenye upana wa milimita 1,000, hukutana na TAZARA yenye upana wa milimita 1,067. Tofauti hiyo ya milimita 67 inatosha kuzuia behewa la reli moja lisiendelee kwenye nyingine, hivyo mizigo hulazimika kuhamishwa. Mwanafunzi akilielewa hilo, ataelewa kwa nini gharama ya usafiri haipimwi kwa kilomita peke yake.

Maji yanayoshuka

Kuhusu nishati, wilaya yetu ina vituo viwili vinavyoingiza umeme katika gridi ya Taifa, na kila kimoja kinafundisha somo tofauti. Umeme wa maji hutegemea mambo mawili: wingi wa maji na kimo cha maporomoko. Kituo cha Kidatu, kilichoanza kufua umeme mwaka 1975 na kukamilika mwaka 1980, kina uwezo wa megawati 204. Kinatumia maji mengi ya Ruaha Mkuu yanayoshuka takribani mita 175. Kituo cha Kihansi, upande wa Mlimba, kina megawati 180 kutoka mto mdogo zaidi, kwa sababu maji yake hushuka zaidi ya mita 800. Uwezo wao unakaribiana, ingawa mito haifanani.

Somo halimalizikii kwenye mitambo. Kidatu hutegemea mvua na matumizi ya maji katika maeneo ya mbali, huko Usangu na kwingineko. Katika miaka ya ukame, kama 2006, nchi nzima ilipata mgawo wa umeme. Vivyo hivyo, Mto Kilombero unachangia sehemu kubwa ya maji ya Rufiji, ambako limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Anayelima hadi ukingoni mwa kijito huku Kilombero anagusa, bila kujua, maji yatakayofua umeme wa mtu aliye Mwanza.

Umeme juu, kuni chini

Swali ambalo wanafunzi huuliza wakipewa nafasi ni hili: mbona nguzo kubwa zinapita juu ya shamba letu na nyumbani hatuna umeme, au unakatika? Ni swali halali, nalo lina jibu la kijiografia. Umeme husafirishwa mbali kwa msongo mkubwa ili usipotee njiani. Njia ya Kihansi hadi Kidatu ina kilovolti 220, na hakuna nyumba inayoweza kuunganishwa nayo moja kwa moja. Panahitajika kituo cha kupoza umeme. Ndiyo maana kujengwa kwa kituo cha Ifakara, kilichoungwa kwenye njia hiyo, kulikuwa hatua kubwa kuliko kuongeza nguzo za kawaida. Kuwa jirani na chanzo cha nishati hakumaanishi kuwa na nishati.

Wakati huohuo, vyungu vingi bado vinapikwa kwa kuni na mkaa. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi wakazi wa vijiji jirani waliruhusiwa kuokota kuni kavu katika siku maalumu. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Jiko la shule ni mahali pazuri pa kuanzia. Wanafunzi wapime kuni zinazotumika kwa juma, waulize zinatoka wapi, kisha walinganishe gharama yake na gesi, umeme au mkaa mbadala.

Hesabu kamili

Mwalimu asiishie kwenye faida. Katika korongo la Kihansi aliishi chura mdogo anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aliyegunduliwa mwaka 1996. Aliishi kwa manyunyu ya maporomoko peke yake. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalipungua, na mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Alisalia katika bustani za wanyama nchini Marekani, walikopelekwa baadhi yao mapema, na kuanzia mwaka 2012 wengine walirudishwa Kihansi, ambako manyunyu hutengenezwa kwa mabomba. Darasa linaweza kujadili pande zote mbili: nchi ilihitaji umeme, na gharama ilikuwapo. Hakuna chanzo cha nishati kisicho na gharama. Kuni zina yake, na mabwawa yana yake.

Namna ya kuanza

Shule inayotaka kutembelea kiwanda au kituo cha umeme iandike barua mapema kupitia kwa mkuu wa shule, iwajulishe wazazi na ofisi ya elimu, na ifuate masharti ya usalama ya wenyeji wake, hasa karibu na mitambo na kingo za maji. Kila mwanafunzi aende na maswali matatu aliyoyaandika mwenyewe, na arudi na mchoro mmoja.

Kwa kuwa sekondari hufundisha Jiografia kwa Kiingereza, wanafunzi waruhusiwe kwanza kuhoji na kuandika kwa Kiswahili, lugha ambayo mwendesha mashine na mkulima wataieleza kazi yao vizuri zaidi. Tafsiri ifuate darasani. Mwanafunzi aliyekwisha kuelewa kwa nini muwa haungoji hatapata taabu kulieleza jambo hilo kwa lugha ya mtihani.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mwenye mashine ya kukoboa, tanuri la matofali au shamba la miwa aliyepokea darasa kwa saa moja ametoa mchango wa elimu ambao hakuna bajeti inayoweza kuununua.