Mle, Pale na Kule: Sauti Tunazorekodi Hukaa Wapi Katika Simu?

Wengi wetu katika kitivo tunakusanya data kwa simu. Tunakwenda Kabare, Walungu au kisiwani Idjwi, tunaketi na mzee, tunabonyeza kitufe chekundu, na hadithi ya Kimashi au Kihavu inaingia. Inaingia wapi? Swali hili hatuliulizi mapema, lakini jibu lake ndilo linaloamua kama hadithi itakuwepo siku ya kutetea tasnifu.

Kiswahili, kama lugha nyingi za Kibantu, kina ngeli tatu za mahali: PA- kwa mahali mahususi, KU- kwa eneo lisilo na mipaka dhahiri, MU- kwa ndani. Mfumo wa Android nao una mahali pa aina tatu pa kuweka faili, na nadhani ngeli zetu zinapaeleza vizuri kuliko majina waliyopapa waundaji wake. Wao husema hifadhi "ya ndani" na "ya nje". Zamani "ya nje" ilikuwa kadi ya kumbukumbu inayochomolewa. Leo, katika simu nyingi, ni sehemu ya kumbukumbu ile ile iliyojengwa ndani ya simu. Njia yake huandikwa /storage/emulated/0, yaani hifadhi "iliyoigizwa". Neno limebaki, maana imehama.

Mle ni chumba cha siri cha kila programu. Mwandishi wa programu hukifikia kwa amri getFilesDir. Programu nyingine haziingii, na kwa kawaida hata mwenye simu hakioni.

Pale ni folda yenye jina la programu, ndani ya Android/data, nayo hupatikana kwa getExternalFilesDir. Tangu Android 11 ya mwaka 2020, programu nyingine zimefungiwa mlango huo, zikiwemo zile za kupekua faili. Ukiunganisha simu na kompyuta kwa waya, mara nyingi bado utaiona.

Kule ni folda za wote: Music, Download na, tangu Android 12 ya mwaka 2021, Recordings. Programu huandika humo kupitia MediaStore, daftari kuu linalosajili jina, tarehe na aina ya kila faili ya sauti, picha au video.

Tofauti kubwa huonekana programu inapoondolewa. Vilivyo mle na pale hufutwa pamoja nayo. Vilivyo kule hubaki. Tufanye hesabu. Sauti ya WAV ya mkondo mmoja, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16 kwa kila sampuli, hula baiti 88,200 kwa sekunde. Saa moja ni karibu megabaiti 317. Simu ikijaa, mwanafunzi huondoa programu ili apate nafasi, akiamini kwamba sauti "ziko kwenye simu". Nakala ya kiotomatiki ya Google haimwokoi, kwa sababu hupokea megabaiti 25 tu kwa kila programu: chini ya dakika tano za mazungumzo.

Je, basi tuweke kila kitu kule? Hapana. Kilicho kule huweza kusikilizwa na yeyote aliyeshika simu ikiwa wazi, hata kwenye kizuizi cha barabarani. Mzee aliyetusimulia ugomvi wa mashamba hakuzungumza na mtu huyo. Mle humlinda msemaji lakini huhatarisha data. Kule hulinda data lakini humweka msemaji hadharani.

Kwa hiyo, anayetuundia programu ya utafiti aombwe mpangilio huu: sauti ianzie mle, msemaji asikilizishwe, akikubali, nakala ipelekwe kule au kwenye kompyuta, ya kwanza ifutwe baada tu ya kuhakikisha kwamba nakala inasikika. Zipo programu zilizoundwa kwa kazi ya lugha, kama Lig-Aikuma ya Grenoble, Ufaransa, iliyotumika kukusanya sauti za Kimboshi cha Kongo-Brazzaville. Hata hizo tuziulize swali lile lile: faili zako ziko wapi?

Jina la faili nalo ni sehemu ya mahali pake. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hujiita kwa mfano PTT-20240512-WA0003.opus: tarehe na namba, basi. Jina kama shr_kabare_20240512_01.wav hutaja lugha kwa msimbo wake wa kimataifa (shr ni Kimashi), mahali, siku na zamu. Halitaji jina la msemaji; hilo likae katika daftari la karatasi, nyumbani.

Kabla ya kupanda gari kwenda uwanjani, rekodi dakika moja, funga programu, kisha itafute faili hiyo kwa mkono wako. Usipoiona, bado hujawa tayari kumwomba mtu hadithi yake.