Kila Programu na Eneo Lake

Juu ya kilima cha Kiyovu, katika wilaya ya Nyarugenge, ambako ofisi, balozi na hoteli za Kigali zimeketi chini ya miti mirefu, mfasiri hakosi shughuli; kwani tangu mwaka 2017, sheria ilipokiongeza Kiswahili kwenye Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Rwanda, waraka mmoja huweza kutakiwa kwa lugha kadhaa. Naye afikapo mezani pake saa tatu asubuhi, ambayo tangu Januari 2023 ndiyo saa rasmi ya kuanza kazi nchini humo, hufungua waraka wa asili, tafsiri yake, kamusi, barua pepe na kivinjari, akaviweka kimoja kimoja mahali pake, na kesho yake akairudia kazi ile ile tangu mwanzo. Wakati huo ni wa akili yake, wala haufai kupotezwa kwa jambo ambalo mashine yaweza kuagizwa ikalifanya.

Fikra ya kuugawa uso mmoja wa kompyuta katika maeneo mengi ya kazi si ngeni. Mwaka 1986 Austin Henderson na Stuart Card, wataalamu wa Xerox huko California, walieleza mfumo wao ulioitwa Rooms, ulioipa kila shughuli chumba chake, madhali walitambua kwamba mtu hayatumii madirisha yake yote kwa pamoja, bali kwa makundi yafuatayo shughuli. Mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, umeirithi fikra hiyo, na leo mazingira yake ya kazi, GNOME, KDE Plasma na Xfce, yote yana maeneo ya namna hiyo.

Lakini hapa pana mambo mawili, na wengi huyachanganya. La kwanza ni kuianzisha programu: faili dogo lenye mwisho wa .desktop, likiwekwa katika folda ya .config/autostart, huifungua programu mara tu mtumiaji aingiapo kwenye kompyuta. La pili ni kulipeleka dirisha mahali pake, na faili hilo halina habari ya mahali. Wako waandikao amri za kuhamia eneo la pili, kufungua programu, kungoja sekunde kadhaa, kisha kuhamia la tatu. Nami siipendi njia hiyo hata kidogo, maana siku mashine ikichelewa, dirisha hutokea katika eneo lisilo lake. Iliyo bora ni kanuni inayolitambua dirisha kwa jina la jamii yake (class), ambalo kwa kawaida dirisha hulibeba, hata lichelewe namna gani. KDE Plasma huziweka kanuni hizo katika mipangilio yake ya madirisha. GNOME hutumia kiendelezi kiitwacho Auto Move Windows. Na katika msimamizi wa madirisha aitwaye i3 hutosha mstari mmoja uanzao kwa neno assign.

Zamani kazi hii ilifanywa pia na chombo kiitwacho wmctrl, ambacho huanza kuhesabu kwa 0, hata eneo la tatu likawa nambari 2. Chombo hicho kilitegemea mfumo wa X, uliozaliwa MIT mwaka 1984, ambao huiruhusu programu moja kuyasogeza madirisha ya nyingine. Ilhali Wayland, mfumo mbadala wa X ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, umeuzuia uhuru huo kwa ajili ya usalama, na kanuni sharti ziwekwe kwa msimamizi wa madirisha mwenyewe.

Kivinjari ndicho chenye mushkili zaidi. Mfasiri atakaye dirisha moja la Firefox kando ya kamusi, na jingine kando ya barua pepe, ataona yote mawili yakikimbilia eneo moja, kwa kuwa jamii yao ni moja. Wala kichwa cha dirisha hakisaidii sana, kwani aghalabu huandikwa baada ya ukurasa kufika. Chini ya X, dawa yake ni kulifungua la pili kwa wasifu (profile) mwingine, na kulipa jamii ya peke yake kwa neno --class katika mstari wa amri, Exec, wa faili lake la .desktop la kuanzishia.