Jino limeng'olewa, taya linaoza: dhamana ni ya nani?

Kung'oa gego ni jambo la dakika chache, na tumelizoea kiasi kwamba hatulihesabu kuwa ni upasuaji. Nalo ni upasuaji hasa. Huacha tundu ndani ya mfupa wa taya, na katika siku za mwanzo kinacholiziba tundu hilo ni bonge la damu tu. Bonge likikaa, mfupa hupona chini yake. Likitoka, mfupa hubaki wazi, na baina ya siku ya pili na ya nne mgonjwa hushikwa na maumivu yanayopanda hadi sikioni.

Hilo tundu kavu ni adha kubwa, lakini tabibu wa meno huliosha, akalitia dawa, na mambo yakatulia. Tunalolikusudia leo ni zito zaidi: vijidudu kuingia ndani ya mfupa wenyewe. Taya la chini ndilo hupatwa zaidi, kwa kuwa damu inayolilisha ni haba kuliko ile ya taya la juu. Uvimbe haupungui, usaha hutoka kwenye fizi au hutoboa shavu, meno jirani hulegea, na mdomo wa chini huweza kufa ganzi. Dalili hii ya ganzi tunaomba isipuuzwe hata siku moja. Baadaye vipande vya mfupa uliokufa huanza kujitokeza. Picha ya eksirei ikipigwa mapema mno huweza isioneshe kitu, kwani mabadiliko ya mfupa huchukua kiasi cha wiki mbili au zaidi kuonekana; kwa hiyo picha safi ya siku ya tano si hoja ya kumrudisha mgonjwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Tiba yake ni dawa za kuua vijidudu kwa wiki nyingi, na mara nyingi upasuaji wa kuondoa mfupa uliooza. Wenye kisukari, selimundu, upungufu wa kinga, na waliochomwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni wako katika hatari kubwa zaidi, na ni haki yao kuulizwa kabla koleo halijashikwa.

Uvimbe ukishuka chini ya kidevu, ulimi ukainuka na mgonjwa akashindwa kumeza au kuhema vizuri, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Njia ya pumzi inaweza kuziba ndani ya saa chache.

Kwa familia za Handeni na Korogwe, safari ni sehemu ya maradhi. Kutoka mji wa Handeni hadi Korogwe ni kilomita zipatazo 65, na kutoka Korogwe hadi hospitali ya rufaa ya Bombo, Tanga, ni takriban 100 nyingine. Aliye kijijini huanza kwa aliye karibu naye. Mwaka 1994 watafiti Ngilisho, Mosha na Poulsen walichapisha uchunguzi wao kuhusu nafasi ya waganga wa jadi katika kutibu maumivu ya meno mkoani Tanga, na yeyote aliyeishi huku hahitaji utafiti kujua kwamba nafasi hiyo ingalipo. Hatuna ugomvi na majani yanayotuliza maumivu. Ugomvi wetu ni na chuma. Katika nchi yetu watoto wachanga wenye homa na kuharisha wamekuwa wakichokolewa fizi ili kutolewa kile kinachoitwa "meno ya nailoni", ambacho ni chipukizi la jino la kawaida la mtoto. Wapo walioambukizwa mfupa wa taya, na wapo waliofariki.

Onyo hili si geni. Az-Zahrawi wa Andalusia, tabibu aliyefariki kiasi cha mwaka 1013, aliandika juu ya vinyozi wajinga waliong'oa meno kwa pupa, wakavunja mizizi au kutoka na kipande cha mfupa wa taya. Na wanazuoni wa fiq-hi, wakiegemea hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, wameafikiana kwamba anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta. Mjuzi aliyeruhusiwa, akafanya kazi yake kwa uangalifu, hana dhamana hiyo hata matokeo yakiwa mabaya. Basi kusema "ni kadari" hakumwondolei mzembe wajibu wake.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Maambukizi peke yake si ushahidi wa uzembe, kwa sababu huweza kumpata hata aliyehudumiwa vyema. Linalotazamwa ni kama mgonjwa aliulizwa maradhi yake, kama vyombo vilitakaswa, kama alipewa maelekezo, na zaidi ya yote, alifanyiwa nini aliporudi akilalamika. Kwa maoni yetu, hapo pa mwisho ndipo haki za wengi hupotelea.

Mwaka 2021 mkanda wa video kutoka zahanati ya Kerenge, wilayani Korogwe, ulionesha mhudumu akimfumua mgonjwa nyuzi za jeraha kwa sababu ya fedha, na serikali ikachukua hatua. Taya linalooza polepole halina mkanda wa video. Ushahidi wake ni cheti, risiti, picha za eksirei, na tarehe za kurudi kliniki. Vitunzwe pamoja, mahali pakavu.

Malalamiko dhidi ya daktari au tabibu wa meno hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017 na lenye uwezo wa kumsimamisha mtu au kumfutia usajili. Waganga wa jadi wana baraza lao la tiba asili. Fidia, hata hivyo, hutolewa na mahakama, na madai ya namna hii yana ukomo wa miaka mitatu. Hospitali ikiwa ya serikali au ya halmashauri, ni lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Asiye na uwezo wa wakili amtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Sheria ya msaada wa kisheria, nayo ya mwaka 2017, iliwekwa kwa ajili yake.

Tumeulizwa pia kuhusu udhu baada ya kung'oa jino. Kusukutua kwa nguvu siku ya kwanza huweza kuling'oa lile bonge la damu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kusukutua ni sunna, na udhu husihi bila ya kusukutua. Mswaki nao usifike kwenye kidonda hadi kifunge.