Maua mekundu Mji wa Kale: Uliza maji kabla ya rangi

Umeona picha ya roshani imejaa maua mekundu, na roho yako inataka. Sawa kabisa. Lakini kabla hujatoa pesa kwenye kitalu, jiulize: nitayanywesha nini?

Manake ukiishi Kibokoni ama popote hapa kisiwani, unajua mambo ya maji. Mfereji ukikauka, ni kununua mitungi ya mkokoteni ama kuteka kisimani, na visima vingi ni vya maji ya chumvi. Maji matamu yakipatikana, kuna kupika na kutawadha kwanza. Ua liko mwisho wa foleni. Ukilimwagilia ya chumvi kila siku, chumvi inabaki kwenye chungu, ncha za majani zinaungua, mmea unakufa polepole. Wewe unadhani una mkono mbaya.

Kwa hivyo chagua hivi.

Boganvilia. Anza na hii. Inavumilia jua, kiu na upepo wa bahari. Ukiimwagilia sana inatoa majani matupu. Na ile rangi nyekundu si ua, ni majani. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe katikati. Ina miiba, usiiweke kichochoroni watu wanapopita.

Waridi la jangwani (adeniamu). Huyu ni mwenyeji, humea porini sehemu kavu za Pwani. Shina lake nene huweka maji. Mpe chungu chenye matundu, mchanga mwingi na jua. Maji mengi yanaozesha mizizi. Utomvu wake ni sumu, zamani ulipakwa kwenye mishale, kwa hivyo weka mbali na watoto na wale paka wetu.

Haibiskasi. Anapendeza, wallahi, lakini kiangazi anataka maji karibu kila siku. Ukimtaka, tega ndoo chini ya bomba la AC. Yale maji hayana chumvi.

Mkrismasi. Ule mti mkubwa wa Madagaska unaowaka mwekundu karibu na Disemba? Uache uwanjani. Mizizi yake ina nguvu, na kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa ni za miaka mingi.

Masika yakianza, toa vyungu nje mvua ioshe chumvi. Na usinunue mitano kwa mpigo. Chukua mmoja, ukivuka kaskazi ungali hai, rudi kitalu uchukue wa pili.